Kitanda Usichokilalia: Ni Nani Ampokee Aliyegunduliwa Kuwa na Virusi?

Maneno yenyewe huwa machache. Mhudumu wa afya hukisogeza kiti chake karibu kidogo, kisha husema kwa sauti ya upole kwamba vipimo vimeonyesha kuwapo kwa virusi. Baada ya hapo huendelea kusema mengi, tena yote ya kweli na ya manufaa: kwamba dawa zipo na hazilipiwi, kwamba zaweza kuanzwa siku iyo hiyo, kwamba kwa watu wazima wengi ni kidonge kimoja tu kwa siku, kwamba mtu anaweza kuoa au kuolewa na kuzaa watoto wasio na virusi. Lakini aghalabu aliyeketi mbele yake hayasikii. Wengi waliopitia hapo husimulia kwamba masikio yao yaliziba pale pale kwenye sentensi ya kwanza, na kwamba walijikuta nje wameshika kopo la dawa na kadi yenye tarehe ya kurudi, wasijue waelekee wapi.

Ni nani basi amngoje mtu huyo pale nje? Kwa miaka mingi jibu rasmi limekuwa mnasihi, yaani mtu aliyesomea ushauri akafuzu. Hakuna anayeibeza kazi ya mnasihi. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2006 kuhusu kuzuia na kudhibiti Ukimwi ilivilazimisha vituo vya upimaji kutoa ushauri kabla na baada ya kupima. Hata hivyo, ushauri wa aliyesoma na mapokezi ya aliyepitia ni mambo mawili, na hili la pili limeendelea kuchukuliwa kuwa hisani, pambo la kuongezwa fedha zikiwapo na kuondolewa zikipungua. Hilo ni kosa. Mtu aliyepokea majibu kama hayo miaka kumi au ishirini iliyopita, akameza dawa, akalea watoto, akaendelea na kazi yake, ana kitu kisichopatikana katika cheti chochote. Sehemu kubwa ya kitu hicho ni lugha, na ndiyo sababu suala hili linawahusu wasomi wa Kiswahili kuliko wanavyodhani.

Katika Kiingereza, kirusi kina jina lake na ugonjwa una jina lake. Kiswahili kilifuata mkondo mwingine. Neno Ukimwi, lililoundwa kutokana na fungu la maneno upungufu wa kinga mwilini (wengine husema ukosefu, na tofauti hiyo si ndogo), ndilo lililotangulia kukita mizizi. Virusi vilipohitaji jina, viliitwa kwa jina la ugonjwa: virusi vya Ukimwi, kwa kifupi VVU. Tofauti ambayo daktari huisisitiza sana, kwamba kuwa na virusi si kuwa na Ukimwi, imemezwa na muundo wa jina lenyewe. Anayeambiwa kwamba ana virusi vya Ukimwi husikia neno moja tu, nalo ni lile la mwisho. Anapewa jina la ugonjwa ambao, maadamu ameanza dawa mapema na kuzimeza sawasawa, huenda asiupate maisha yake yote.

Lugha ya mitaani nayo haimhurumii. Kwa muda mrefu aliyeambukizwa alisemekana kuwa amekanyaga waya. Sitiari hiyo ina ukatili wake: aliyekanyaga waya wa umeme ni mzembe aliyestahili kutazama anapokwenda, tena hufa papo hapo. Nchini Uganda ugonjwa uliitwa silimu, kwa sababu ya kumkondesha mtu. Katika Nyanza ulihusishwa na chira, yaani balaa limpatalo aliyevunja miiko. Magazeti, kwa upande wake, yalimwita mwathiriwa, na mengine yangali yanamwita hivyo, neno linalomfanya mtu kuwa mtendwa daima, mwenye kupatwa na asiyetenda lolote. Hayo yote anayo kichwani siku anapopimwa. Hakuyatafuta, amekua nayo.

Hapa fasihi haina budi kuulizwa mchango wake. Baada ya Ukimwi kutangazwa kuwa janga la kitaifa nchini Kenya mnamo Novemba 1999, mashairi na michezo ya kuigiza kuhusu maradhi haya ilifurika katika shule na vyuo. Nyingi ya kazi hizo zilikuwa na nia njema, na njama yake ilikuwa moja: mhusika hupenda anasa, huonywa na wazee, hupuuza, hukonda, kisha hufa katika onyesho la mwisho akiwausia wenzake. Msichana aliyeigiza uovu huo jukwaani akiwa kidato cha pili alifundishwa kuogopa, na pengine hofu hiyo ilimsaidia. Lakini akigunduliwa kuwa na virusi akiwa na miaka ishirini na mmoja, hana onyesho lingine analolijua ila lile la mwisho. Hata riwaya ya Carolyne Adalla iliyotoka mwaka wa 1993, Confessions of an AIDS Victim, ilibeba katika anwani yake maungamo na uathiriwa kwa pamoja, kana kwamba kuugua ni dhambi ya kutubiwa. Na bado umbo la riwaya hiyo linasema jambo ambalo anwani yake hailisemi. Ni barua ndefu ambayo msichana aliyepata majibu anamwandikia rafiki yake. Kitu cha kwanza alichokihitaji baada ya daktari kilikuwa mtu wa kumwambia.

Wenye virusi wenyewe waliutambua upungufu huu mapema kuliko hospitali. Mwaka wa 1983, katika mji wa Denver nchini Marekani, kikundi kidogo cha watu waliokuwa wakiugua kilitoa tamko la kukataa kuitwa waathiriwa, kikadai kwamba wao ni watu wenye Ukimwi na kwamba wanapaswa kushirikishwa katika kila uamuzi unaowahusu. Kwa maneno mengine, vita vyao vya mwanzo vilikuwa vya istilahi. Afrika Mashariki nayo haikuchelewa. Nchini Uganda, Noerine Kaleeba, ambaye mumewe Christopher aligunduliwa kuwa na maradhi haya akiwa masomoni Uingereza mwaka wa 1986 na kufariki mwanzoni mwa mwaka uliofuata, aliungana na watu wachache, wengi wao wakiwa na virusi, wakaanzisha shirika la TASO mwaka wa 1987. Dawa hawakuwa nazo. Walichokuwa nacho ni mikutano ya kulia pamoja, kuomba pamoja na kuambiana ukweli, na hilo likatosha kuwa mwanzo.

Nchini Kenya, Asunta Wagura aligunduliwa kuwa na virusi akiwa mwanafunzi wa uuguzi mwishoni mwa miaka ya 1980, akafukuzwa chuoni. Baadaye aliungana na wanawake wenzake kuanzisha chama cha wanawake wenye virusi, KENWA, na kwa miaka mingi akawa akiandika safu gazetini kuhusu maisha yake ya kila siku: watoto, kodi ya nyumba, mapenzi, dawa. Joe Muriuki, aliyepimwa mwaka wa 1987 na kuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kujitokeza hadharani, alifariki mwaka wa 2022. Miaka hiyo 35 ilikuwa hoja ambayo hakuna kijitabu cha wizara kingeweza kuijenga. Ikumbukwe kwamba dawa hazikuanza kutolewa bila malipo katika hospitali za umma za Kenya hadi mwaka wa 2006. Kabla ya hapo wengi walishikiliwa na wenzao tu.

Kazi hii imepewa jina la Kiswahili lisiloitosha. Anayeifanya huitwa mwelimishaji rika. Rika ni watu waliozaliwa wakati mmoja au kutiwa jandoni pamoja. Mama wa miaka hamsini anayempokea kijana wa miaka ishirini si rika lake hata chembe. Kinachowaunganisha si umri bali tukio. Isitoshe, kuelimisha si ndilo jambo lenyewe, kwa sababu elimu imekwisha kutolewa chumbani na haikusikika. Utamaduni wa Waswahili una watu waliofanya kazi inayofanana na hii: kungwi na somo. Msichana alipovunja ungo alikabidhiwa somo wake, mwanamke aliyekwisha kuvuka kizingiti kile kile, aliyemweleza kwa faragha mambo ambayo mama mzazi angeona haya kuyataja, na aliyebaki kuwa msiri wake hata baada ya ndoa. Sifa ya kwanza ya somo ilikuwa kwamba amepitia. Ya pili ilikuwa kwamba anajua kunyamaza. Pasi na haja ya kulazimisha istilahi mpya kwa wizara yoyote, neno somo linaelekea ukweli wa kazi hii kuliko rika, na ndilo litakalotumiwa hapa.

Somo hufanya nini hasa? Jambo la kwanza halizidi maneno matatu. Mama mwenye leso, aliyekuwa ameketi kwenye benchi kama mgonjwa mwingine yeyote, humwambia binti anayetoka chumbani machozi yakimlengalenga: "Mwanangu, hata mimi." Binti hutazama. Mbele yake pana mwanamke mwenye afya, mnene kidogo, mwenye simu inayolia kwa sababu mjukuu anauliza funguo ziko wapi. Kila kilichosemwa na mnasihi kuhusu uwezekano wa kuishi sasa kina uso. Mnasihi alisema inawezekana, huyu amewezekana.

Baadaye huja mambo madogo ambayo hayamo katika mwongozo wowote. Kopo la dawa huwa na mlio wa vidonge, na mlio huo ndani ya mkoba katika matatu iliyojaa waweza kumtia mtu hofu akaacha kubeba dawa. Somo humfundisha kutia pamba juu ya vidonge ili vinyamaze. Humwambia ni siku gani kliniki haina msongamano. Humwambia kwamba ndoto za ajabu au kukosa usingizi kwa majuma ya kwanza kunaweza kutokana na dawa, kwamba yeye pia yalimpata yakapita, na kwamba yakizidi amwambie daktari badala ya kuacha. Humsaidia kupanga maneno ya kumwambia mume au mpenzi, na kumtahadharisha iwapo nyumba hiyo si salama kwa habari kama hiyo. Humweleza kwa lugha ya nyumbani kwamba virusi vikishushwa na dawa hadi visionekane kwenye vipimo, na vikabaki hivyo, mtu hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Taarifa hii ya mwisho ni ya kisayansi kabisa, lakini ikitoka kinywani mwa mama ambaye mumewe wa miaka kumi na miwili hana virusi, huingia sikio ambalo lilikuwa limeziba.

Wapo wanaotilia shaka mpango huu, na shaka zao zina msingi. Ya kwanza ni siri. Katika mji mdogo somo hujulikana, na kuonekana ukizungumza naye sokoni ni kama kutangaziwa hali yako kwa kipaza sauti. Hili ni kweli, na ndiyo maana mpokelewaji sharti awe na hiari ya kukataa au kuchagua somo wa mtaa mwingine. Ya pili ni kwamba mwenye kupitia jambo hupenda kulisimulia, na masimulizi yake yanaweza kumzamisha mwenzake badala ya kumwopoa. Si kila aliyeishi na virusi anafaa kuwa somo, kama vile si kila mwenye watoto anafaa kuwa mkunga. Wanahitaji mafunzo, na wanahitaji msimamizi wa kuwasikiliza wao, kwa kuwa kupokea vilio vya watu kila juma ni mzigo.

Shaka ya tatu, kwamba wasiosoma watawapotosha wagonjwa, inapinduliwa na historia ya juzi tu. Mwaka wa 2011 maelfu ya watu kutoka Tanzania, Kenya na kwingineko walipanga foleni za kilomita kadhaa kuelekea Loliondo kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 za Tanzania, na baadhi ya wenye virusi wakaacha dawa zao wakiamini wamepona. Waliokwenda walikuwamo wasomi na wakubwa. Mtu aliyekwisha kukata tamaa hakamatwi na mhadhara. Mwenye nafasi ya kumrudisha kliniki ni yule aliyewahi kutamani kikombe hicho hicho na akajizuia, au aliyekinywa akaugua akarudi.

Kwa wanaotaka ushahidi zaidi ya hisia, upo. Nchini Zimbabwe mpango uitwao Zvandiri, neno la Kishona lenye maana ya "jinsi nilivyo", huwatumia vijana wenye virusi waliopewa mafunzo kuwatembelea na kuwafuatilia vijana wenzao. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020 ulilinganisha vijana waliopata huduma hiyo na wale waliopata huduma ya kawaida ya kliniki. Katika kundi la pili, zaidi ya thuluthi moja walikuwa na virusi vingi mwilini au walikuwa wamekufa. Katika kundi la kwanza idadi hiyo ilikuwa takriban robo. Dawa zilikuwa zile zile. Huko Cape Town, nchini Afrika Kusini, tangu mwaka wa 2001 akina mama wenye virusi wamekuwa wakiajiriwa kuwapokea wajawazito waliogunduliwa karibuni, na mtindo huo ukaenea hadi Kenya. Neno muhimu hapo ni kuajiriwa.

Maana tatizo kubwa la Kenya liko papo hapo. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi ya masomo nchini ilitegemea fedha za wafadhili, hasa mpango wa PEPFAR ulioanzishwa na Marekani mwaka wa 2003. Masomo walilipwa posho na mashirika, si mshahara na kaunti. Ilipofika Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ikasitisha misaada ya kigeni, athari zilionekana kwa siku chache tu. Wauguzi walioajiriwa na serikali walibaki kazini. Masomo, ambao hawakuwamo katika daftari lolote la mishahara ya umma, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuambiwa waende nyumbani. Baadhi ya kliniki zilizokuwa zimetengewa wenye virusi zikaanza kuunganishwa na huduma za jumla. Muungano huo unaweza kuwa na faida yake, kwani unaweza kupunguza unyanyapaa wa mlango unaojulikana na kila mtu, lakini uliliondoa lile benchi ambapo mama mwenye leso alikuwa akiketi. Dawa ziliendelea kuzungumziwa bungeni na magazetini, na ilikuwa haki kuzizungumzia. Kuhusu benchi maneno yalikuwa machache mno.

Haiwezi kusemwa kwamba serikali haina njia. Mnamo Septemba 2023 ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, na ikakubaliwa kwamba kila mmoja atalipwa shilingi 5,000 kwa mwezi, serikali kuu na kaunti zikigawana gharama. Kiasi hicho si kikubwa, lakini kilikuwa ungamo kwamba mtu wa kawaida anayebisha hodi ya jirani anafanya kazi ya umma. Kama ungamo hilo lingeenezwa hadi kwa masomo katika nchi yenye watu takriban milioni 1.4 wanaoishi na virusi, posho yao ingeandikwa katika bajeti ya kaunti, isingengoja uchaguzi wa taifa jingine. Atakayesema kwamba ni aibu kumlipa mtu kwa sababu ana virusi na akumbuke kwamba hata kungwi hakufanya kazi bure. Alikuwa na ada yake, na hakuna aliyedai kwamba ada hiyo iliichafua siri.

Vyuo vikuu navyo haviko mbali na habari hizi. Mwanafunzi anayeshuku hali yake mara nyingi huona heri kupanda matatu kwenda kupimwa mji mwingine kuliko kukaa kwenye foleni ya zahanati ya chuo, ambapo mwenzake wa darasani atamwona na kuuliza anaumwa nini. Akipata majibu huko ugenini, hurudi bwenini nayo peke yake, na mtihani uko juma lijalo. Hana somo, na kama yupo mwanafunzi wa mwaka wa nne chuoni humo ambaye amezaliwa na virusi na amekuwa akimeza dawa tangu utotoni, hakuna utaratibu wa kuwakutanisha wawili hawa pasi na kuwaanika.

Vyama vya Kiswahili vyuoni huadhimisha tarehe 1 Desemba kwa ngonjera na maigizo. Maadhimisho hayo yangeweza kupumzishwa mwaka mmoja, na muda wake ukatumiwa kukaa na masomo wa kliniki za karibu, kwa ruhusa yao, ili kuyakusanya maneno wanayoyatumia tayari: jinsi wanavyomweleza mtu wingi wa virusi bila kumtisha, jinsi wanavyotenganisha virusi na Ukimwi ambavyo lugha imeviunganisha, wanachomwita aliyekosa kuja kuchukua dawa badala ya kumwita mtoro kama mtoto wa shule. Hazina hiyo haimo katika kamusi yoyote, na wenye kuimiliki wanarudi mashambani na sokoni mmoja baada ya mwingine. Kwa sasa, kadi ambayo binti yule ameishika pale nje, yenye tarehe ya kurudi, aghalabu imeandikwa kwa Kiingereza.